Mifuko Arobaini na Moja

"Mlango wangu si posta, Goretti. Nimekwambia jana, nimekwambia juzi, na leo nakwambia mbele ya watu."

"Watu gani? Miye naona wewe tu na hilo domo."

Walikuwa ngazini, ghorofa ya kwanza, katika jengo la matofali nyuma ya University Boulevard, Langley Park. Mahfudha, mwanamke wa Lamu, alikuwa na rundo la barua mkononi. Goretti, mwanamke wa Uvira, alikuwa ameujaza mlango wake mwili mzima. Kisa chenyewe mtaa wote unakijua. Goretti ndiye aliyetangulia kufika katika jengo lile, na kila mkimbizi aliyekuja nyuma yake aliandikisha anwani ya Goretti. Ndiyo desturi: unaandika kwa yule aliye na mlango. Watu wakahamia Ohio, wakahamia Kentucky, wakarudishwa kwao, wakafa. Barua zao hazikukoma kuja. Kisanduku kikijaa, tarishi huziacha sakafuni, na upepo huzisukuma hadi kwa Mahfudha. Goretti hafungui hata moja. Barua ya mtu, anasema, ni nguo yake ya ndani. Anazitia guniani, anasukuma gunia chini ya kitanda.

"Hii ya marehemu Evariste," Mahfudha alisema. "Ya tatu hii. Yasema kisanduku chake cha amana hakijalipiwa miaka. Asipojibu wapeleka ripoti kwa serikali ya jimbo."

"Umeifungua?"

"Ilifunguka. Mpe nduguye aisome mpaka mwisho."

"Asome nini? Serikali ikishashika kitu, imekikula."

Chini yao, katika chumba cha kufulia chenye mashine mbili zilizokufa, watu watatu walikuwa wakisikiliza. Mmoja wao, Nishimwe, ndiye nduguye marehemu. Aliinamisha kichwa.

*Saa nne na dakika kumi asubuhi. Alhamisi, tarehe 30 Oktoba.*

"Mmesikia?" Azhar alisema. "Hata Goretti ajua. Imekikula."

Azhar alikuwa wa Mombasa. Ndevu zimechongwa, manukato yanamtangulia mlangoni. Alijua kila harusi na kila talaka kuanzia Bladensburg hadi Silver Spring, na alijua nani ana shida. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake hasa. Kando yake, juu ya mashine, alikaa Akinyi, msichana wa Nairobi, dereva wa vifurushi, mtu wa kutafuna bazoka na kutokucheka. Nishimwe alikuwa Mrundi. Alikuwa akipiga deki katika kampuni moja ya Adelphi inayokodisha visanduku vya amana, watu wanakoweka dhahabu, hati na siri zao. Mlango wa nyuma wa kampuni hiyo ulikuwa na ufunguo mmoja mfukoni mwake.

Azhar alirudia mpango kwa mara ya mwisho. Mteja akinyamaza miaka mitatu, halipi, hajibu barua, kisanduku chake kinatobolewa mbele ya mashahidi. Vilivyomo vinatiwa mfuko, mfuko unatiwa lakiri na namba. Kila mwaka, kabla Oktoba haijaisha, kampuni inalikabidhi jimbo orodha ya mali iliyokosa mwenyewe, na mali yenyewe inafuata. Mwaka huu mifuko ni arobaini na moja. Gari la kuichukua linakuja leo, saa nane mchana.

"Sisi twaja saa saba na nusu. Sare tunazo. Karatasi za kupokelea tunazo, Nishimwe katutolea nakala. Twasaini, twapakia, twaondoka. Hakuna mtu kuguswa."

"Hakuna silaha," Nishimwe alisema.

"Wallahi hakuna."

"Na ule wa ishirini na sita ni wangu."

"Dhahabu imo?"

"Nimekuambia. Ni karatasi."

"Basi wako. Karatasi nifanyie nini?"

Akinyi aliacha kutafuna. Alimtazama Azhar, akamtazama Nishimwe, akauliza karao wakimbana huyu wa ufagio itakuwaje. Azhar akamwambia mtu mwenye haja haimbi mbele ya polisi. Akinyi alishuka kwenye mashine akaenda kuwasha gari.

Haja ya Nishimwe ilikuwa karatasi moja. Walipokimbia Rumonge, Evariste, kaka yake, aliishonea ndani ya bitana ya koti: karatasi ya shamba la baba, muhuri wa chifu, alama nne za vidole gumba. Ilipita Kigoma, ikakaa kambini miaka kumi na miwili, ikapanda ndege. Evariste aliiweka katika kisanduku cha Adelphi kwa sababu fleti zao zilikuwa na panya na wageni. Kisha ugonjwa ule wa mapafu ukamchukua Januari ya 2021, ndani ya siku tisa.

Mama yao alikuwa amerudi Rumonge. Anakaa katika kibanda kwenye kona ya shamba, na binamu amejenga kumzunguka pande tatu. Kesi tarehe 12 Novemba. Bila karatasi, anatolewa. Ana miaka sabini na nne.

Nishimwe aliwahi kuuliza pale kazini, mara moja, kwa bosi aliyekuwapo zamani. Akaambiwa alete ushahidi kwamba ni ndugu. Ushahidi gani? Kwao kila mtoto hupewa jina lake, hakuna jina la ukoo la kuwafunga pamoja. Na karani wa kambini, aliyechoka, aliwaandika wote wawili wamezaliwa tarehe mosi Januari, mwaka mmoja. Kwenye karatasi, Nishimwe na Evariste hawakuwa ndugu. Walikuwa watu wawili waliogongana siku ya kuzaliwa. Bosi alicheka, si kwa ubaya. Nishimwe hakuuliza tena.

Halafu, mwezi Septemba, akipangusa meza, akaliona jina la kaka yake kwenye orodha ya kwenda serikalini. Alikokulia, serikali ilipochukua orodha ya mashamba, watu hawakuyaona tena.

*Saa saba na dakika ishirini na nane.*

Mlango wa nyuma ulifunguka bila kelele. Azhar akaingia na kitoroli, kofia ya sare machoni. Akinyi alibaki kwenye gari, injini inanguruma. Mlinzi alikuwa kaunta ya mbele, anakula mkate wake. Chumba cha mifuko kilikuwa na mtu mmoja tu, Ethan, kijana wa ofisi mwenye shati lililokunjwa vizuri, ndiye mwenye ripoti.

Ethan aliangalia karatasi. Aliangalia saa. Alisema wamewahi. Azhar akamjibu kwamba barabara inakojengwa reli mpya imefungwa nusu, wametoka mapema. Jibu zuri. Ethan akaitikia kwa kichwa, akatoa orodha yake, akaanza kusoma.

Hilo hawakulipanga.

Ndivyo alivyofundishwa: hakuna mfuko unaotoka bila kusomwa jina, kuoanishwa namba, na mpokeaji kuitikia. Mmoja mmoja. Arobaini na moja.

*Saa saba na dakika thelathini na tano.* Mfuko wa saba. Tone la jasho lilishuka shavuni mwa Azhar.

*Saa saba na dakika arobaini na sita.* Mfuko wa kumi na tisa. Mama fulani wa El Salvador. Mzee fulani wa Bladensburg, saa ya mfukoni na medali. Ethan alisoma polepole, kama katekista anayesoma majina ya marehemu. Nishimwe alikuwa amesimama na fimbo ya deki, anapangusa mraba uleule wa sakafu.

*Saa saba na dakika hamsini na mbili.*

"Ishirini na sita," Ethan alisoma, kisha akalitamka jina la Evariste kwa shida, silabi kwa silabi, akijitahidi. Hati, vipande vitatu. Pete moja ya shaba.

Hakuna aliyewahi kulisoma jina hilo kwa sauti tangu makaburini. Nishimwe alishika fimbo kwa mikono miwili. Azhar aliitikia, "Ndiyo," akautupa mfuko kwenye kitoroli kama gunia la vitunguu.

Mfuko wa thelathini na tatu, simu ya mezani ililia. Ethan akapokea. Alisikiliza. Akasema, hapana, gari lenu liko hapa tayari. Akamgeukia Azhar taratibu, na uso wake ukabadilika.

Azhar alikuwa ameshachomoa bastola. Hakufyatua. Alimpiga nayo juu ya sikio, pigo moja, na Ethan akaenda chini na kiti chake.

"Uliapa," Nishimwe alisema.

"Sukuma kitoroli."

"Uliapa wallahi."

"Sukuma, au nawe ulale hapo."

Nishimwe hakusukuma. Azhar alisukuma mwenyewe, mifuko minane ikaanguka njiani, hakuiokota. Mlango ukabamizwa. Gari likalia matairi.

*Saa nane kasoro dakika moja.*

Nishimwe angeweza kukimbia. Alipiga magoti, akakunja taulo lake safi, akalikandamiza kwenye kichwa cha Ethan. Damu ilikuwa moto. Kijana alikuwa macho, na alichokuwa akisema hakikuhusu kichwa chake.

Alisema, masikini wale watu. Alisema kesho ile mali ingekuwa mikononi mwa jimbo na ingekuwa salama. Nishimwe akamuuliza salama vipi, serikali si inachukua? Ethan alimtazama kama mtu anayetazama mtoto. Hapana, alisema. Jimbo linamshikia mwenyewe. Linatangaza majina yote. Mwenyewe akija, au mrithi wake, hata baada ya miaka ishirini, anadai. Hakuna mwisho wa kudai.

"Na kama majina hayafanani?"

Wapo wengi hivyo, Ethan alisema. Cheti cha ubatizo. Hati ya kiapo. Watu waliowajua. Ofisi ile ina watu kazi yao ni hiyo tu. Ukurasa wa pili wa barua wanazotumiwa unaeleza kila kitu.

Mlinzi aliingia, akapiga kelele. Katika kuhangaika kwake hakumwona mtu wa deki akitoka kwa mlango wa nyuma, ambao ulikuwa wazi, na ambao kamera ilikuwa imemwona akiufungua.

*Saa tisa na dakika arobaini.*

Walikuwa wamekubaliana kukutana Bladensburg, kwenye bustani ya kando ya mto Anacostia. Nishimwe alibadili basi mara mbili. Barabara ya ujenzi ilikuwa imeziba, watu wanasimama wamebanana, mtoto analia kwa Kihispania. Kwenye simu ulimngoja ujumbe wa sauti wa mama yake. Aliusikiliza sikio likiwa limebanwa dirishani. Mama alisema amemwambia hakimu karatasi iko njiani. Hakimu ameandika. Alisema pia mbuzi amezaa.

Kwenye maegesho gari lilikuwapo. Akinyi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, peke yake, hatafuni kitu.

"Azhar ako wapi?"

"Ameishia. Alikuwa na ndai ingine hapa, imeparkiwa tangu asubuhi. Amebeba dhahabu yote. Amenichezea na mimi pia."

"Mfuko wangu."

Akinyi hakumtazama usoni. "Alizipasua zote hapa. Makaratasi akazifunga kwa mfuko moja na jiwe, akarusha. Nikamwambia hiyo ni ya Nishimwe, buda, ulimpromisi. Akasema karatasi ni shahidi, na shahidi hapewi mtu."

"Wapi?"

Alinyoosha kidole. Kijidaraja cha mbao, na chini yake maji ya kahawia yaliyokuwa yakishuka.

Nishimwe aliingia na viatu vyake. Matope yalimfika magotini, kisha mapajani. Aliingiza mikono hadi mabegani, akapapasa kama mwanamke anayetafuta sindano. Alipata jiwe. Alipata mfuko, umepasuka ubavu mzima. Ndani kulikuwa na uji mweupe wa karatasi, na picha moja ya arusi ya watu asiowajua, bibi arusi hana uso tena. Aliuchambua ule uji kidole kwa kidole. Karatasi za zamani, zile za kalamu ya wino, hazingoji. Kaka yake aliivusha karatasi ile katika ziwa Tanganyika bila kuilowesha.

Akinyi alishuka hadi ukingoni. Alikuwa na bangili moja aliyoificha Azhar asiione, akamnyooshea. Nishimwe alitikisa kichwa. Akamwambia aende, aende mbali, asipitie nyumbani kwake. Akinyi alisimama kidogo, akasema "Pole, brathe," akaenda. Gari aliliacha, milango wazi.

*Saa kumi na mbili kasoro robo, jioni.*

Nishimwe alitembea kutoka Bladensburg hadi Langley Park. Matope yalikauka miguuni, yakawa yanapasuka kila hatua. Habari ilikuwa imemtangulia. Katika jengo lile habari hazipandi basi. Mbele ya duka la kuku watu wawili waliokuwa wakimsalimu kila siku walikumbuka kuangalia simu zao. Goretti alichungulia dirishani, akafanya ishara ya msalaba, akashusha pazia.

Alikaa kwenye kidato cha chini cha ngazi. Alitoa simu. Alibonyeza jina la mama yake, alikaribia kusema, akaizima.

Mahfudha alitoka na pazia la mlango likiwa begani kwake, harufu ya nazi na bizari ikatoka naye.

"Walikuja polisi," alisema. "Wawili. Mmoja kaacha kadi. Wasema watarudi kabla ya isha."

"Najua."

"Yule kijana wa ofisini yu hai. Ashonwa tu kichwa. Awaambia mtu wa deki ndiye aliyemzuilia damu."

Nishimwe aliitikia kwa kichwa. Juu, kwenye fleti fulani, televisheni ilikuwa ikicheka.

"Mama yangu atatolewa," alisema. "Tarehe kumi na mbili. Na ni mimi nimemtoa, Mama Mahfudha. Ningekaa tu. Ningekaa tu bila kufanya kitu, angebaki na shamba lake."

Mahfudha hakumwambia pole, wala hakumwambia ni mipango ya Mungu. Aliyatazama matope yale, kuanzia viatu hadi mapaja.

"Umekula tangu asubuhi?"

"Hapana."

"Basi wataka wakukute hapa ngazini na njaa? Vua viatu, mwanangu. Ingia ule."