Wimbo Ulioshushwa Noti Mbili

"Huyu anayeimba chini hivi ni nani?"

Nilimrushia karatasi usoni. Mpiga piano wetu, mchumba wangu wa miaka miwili, alikuwa amepiga magoti jukwaani akiunganisha nyaya. Ilikuwa saa tisa alasiri, wageni wa hoteli walishaanza kukaa, na mimi nilikuwa na gauni langu la jukwaani, nimejaa tele.

"Karatasi gani?"

"Usijitie hamnazo! Wimbo wangu wa kufungia onyesho, umeuandika upya na kuushusha noti mbili. Mimi siimbi huko chini. Nani anaimba?"

Akakuna shingo. Mwanamume akikuna shingo, ujue kuna jambo.

"Tuongee baadaye, mpenzi."

"Ni yule mwenye sauti nzito wa bendi ya Ijumaa, eti?"

"Hapana."

"Basi mtaje!"

Akarudi kwenye nyaya zake. Nikavua pete, nikaibwaga juu ya piano. Kisha nikamwandikia dada yangu: "Nimemwacha. Ana mwimbaji mwingine."

Dada akajibu papo hapo: "Yule anayeogopa hata kuvuka barabara? Hebu muulize vizuri."

Sikuuliza. Wivu wangu hauna breki.

"Leo unapiga kulekule juu," nilimwambia. "Kama zamani."

"Nakuomba, usi..."

"Juu!"

Akapiga juu. Kila alipogusa noti nzito, ile pete ilitetemeka juu ya piano, kri kri kri. Nikaufikia mstari wa mwisho, ule ambao watu husimama wakiusikia. Nikafungua mdomo. Ikatoka hewa.

Hewa tupu, mbele ya watu mia mbili!

Kabla sijafa kwa aibu, vidole vyake vikateremka mbio, vikatua noti mbili chini, vikanisubiri. Akaniangalia. Nikauimba mstari ule huko chini, na sauti ikaja nzima, nene, mpaka nikajishangaa. Watu wakasimama. Hata mpiga dramu alidhani tumepanga.

Nyuma ya pazia machozi yalikuwa yananitoka.

"Umejua tangu lini kwamba sifiki tena juu?"

"Miezi mitatu. Kila ukikwama mazoezini unasingizia vumbi."

"Mbona hukuniambia?"

"Mara ya mwisho nilipokwambia umechelewa kuingia kwenye wimbo, ulinirushia kikombe."

Kweli nilimrushia. Tena kilikuwa na chai.

"Kwa hiyo huyo mwimbaji wa chini..."

"Ni wewe. Nitoe wapi mwingine? Nilitaka tu ufike mwisho wa wimbo bila kuumia."

Nikafuta machozi. Akafungua kiganja, pete imo.

"Chukua, hata kama hunitaki. Imenipigia kelele kila nilipogusa noti za chini."

Nikamnyooshea kidole cha pete.

"Na huko chini ndiko nitakakoimba sasa. Nivishe, inyamaze."