Korongo wa Mzee Kihara

Wangu alilaza fulana nyeupe mezani, akaipigapiga kwa kiganja mpaka ikanyooka. Juu yake akaweka fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba. Akamimina wino mweusi, akauvuta kwa ubao wenye mpira, mara moja tu, bila kusita. Alipoinua fremu, korongo alikuwa amesimama kwenye fulana. Mguu mmoja ulikuwa umekunjwa, mwingine umekanyaga gunia la unga. Shingo yake ilipinda kama mdomo wa birika.

"Huyo!" alisema Mzee Kihara kutoka kwenye kiti chake mlangoni. "Shingo ni ile ile niliyompa mimi."

Mzee Kihara alikuwa baba yake Wangu. Maisha yake yote alikuwa mchoraji wa mabango na kuta za maduka. Kutoka Subukia mpaka Molo, ukiona ukuta wenye korongo wa kampuni ya Unga Korongo, ujue mkono uliopaka rangi ni wake. Sasa mkono huo ulitetemeka. Hata kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili.

Huo ulikuwa mwaka wa 2008. Kibanda cha kwanza cha Wangu kiliteketea mwezi wa Januari, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi. Alikuja mjini Nakuru na baba yake, akakodi chumba nyuma ya duka la viungo la Kanchan, mama ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vikram. Humo akaweka meza na fremu alizopigilia misumari mwenyewe. Akikipoteza chumba hiki, hakuwa na pengine pa kuanzia.

Rafiki yake Jepchumba, mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapo karibu, alimtengenezea ukurasa kwenye mtandao. Wakenya walioishi ng'ambo waliona picha za fulana, wakaagiza. Mmoja wao, Becky, aliandika kutoka Uingereza: "Huyo korongo amenitoa machozi. Nimekumbuka duka la kwetu Subukia. Nitumie za kwaya nzima."

Mzee Kihara alisomewa ujumbe huo, akaomba asomewe tena.

Kisha siku moja Jepchumba aliingia bila kelele zake za "niaje, boss?" Mkononi alikuwa na karatasi.

"Wangu, funga mlango."

"Kuna nini?"

"Kuna ujumbe umeingia. Nimeuchapisha uusome mwenyewe. Ni wa loya."

Wangu alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Kampuni ya Unga Korongo ilisema yule korongo ni alama yake ya biashara, tena imesajiliwa serikalini. Wangu alikuwa anaiuza bila ruhusa. Alitakiwa aache mara moja, na apeleke fulana zote zilizobaki ofisini kwao kabla ya mwisho wa mwezi. La sivyo, wangeenda kortini. Korti ingeweza kuamuru fulana zichukuliwe, na vifaa pia.

"Vifaa?" Wangu aliuliza. "Yaani meza yangu? Fremu zangu?"

Jepchumba alikubali kwa kichwa. Halafu akachangamka. "Sikia. Mvalishe miwani. Huyo sasa ni korongo mwingine! Hawatakuweza."

"Una hakika?"

"Watu wote mtandaoni hufanya hivyo."

Wangu akachora miwani. Akachapa fulana chache, lakini mkono wake, uliokuwa haujawahi kusita, ukasita. Wino ukavuja.

Tangu Januari, mlango ukigongwa kwa nguvu, Wangu alikuwa akishtuka. Sasa ilikuwa mbaya zaidi. Mwanamume mmoja aliyevaa suti alisimama mlangoni, na Wangu akatupa gunia juu ya fulana kabla hajamsalimu. Kumbe mtu wa watu alikuwa anamtafuta daktari wa meno. Alipoondoka, Wangu alifunga mlango kwa komeo.

Hakumwambia baba yake. Angemwambiaje? Korongo ndiye pekee aliyekuwa amebaki wa ujana wa mzee. Lakini Wangu alimwogopa Mama Vikram zaidi. Alipompa ufunguo, mama huyo alimwambia maneno machache tu: "Kodi ukichelewa, tutaongea. Ukiniletea polisi, hatutaongea."

Mwisho wa mwezi ulikaribia. Wangu akaona heri afute kila alama ya korongo. Alikokota jiko uani, akavunja fremu ya kwanza na kuitia motoni. Kitambaa kilishika moto, moshi mweusi ukapanda.

"Unachoma nini?" Kanchan alitoka mbio kwenye chumba cha kusagia, mikono imejaa unga wa manjano. "Moshi huo unaingia kwenye masala yangu! Unataka wateja wale mpira?"

"Samahani, Mama Vikram. Ni takataka."

"Takataka?" Kanchan aliinama. "Hii ni fremu yako. Nilikuona ukiipigilia misumari. Wangu, mtu hachomi jembe lake. Una nini?"

Wangu alitaka kusema uongo. Badala yake alilia. Alisema yote, kisha akangoja kuambiwa afunge virago.

Kanchan alijifuta unga mikononi. Uso wake ulikuwa umekaza.

"Unajua kama nina hasira?" aliuliza.

"Najua, mama. Nitatoka."

"Sikukuambia utoke. Subiri hapa."

Alirudi na pakiti mbili za masala. Zote zilikuwa na picha ya taa nyekundu ya mafuta.

"Ipi ni yangu?"

Wangu aligeuza hii, akageuza ile. "Zote?"

"Hii ni yangu. Hii nyingine ilitengenezwa na mtu aliyechanganya unga wa mahindi na rangi. Hata akachora maua kuzunguka taa, aseme si taa yangu. Watu waliumwa tumbo, wakaja kunitukana mimi, mbele ya wakwe zangu. Jina la mume wangu lilikuwa karibu kuzikwa kwa pakiti ambayo hatukuigusa. Ndipo wakili wetu akatufundisha kusajili alama."

"Lakini mimi nilibadilisha. Nilimvalisha miwani."

Kanchan akamkodolea macho. "Miwani! Wewe ukivaa miwani, baba yako hatakujua?"

Licha ya hofu, Wangu alikaribia kucheka.

"Sheria haiulizi umebadilisha kiasi gani," Kanchan aliendelea. "Inauliza kama mnunuzi anaweza kudhani tisheti imetoka kwa kampuni. Ukiweka miwani, au ukiandika chini kwamba wewe si kampuni, haitoshi."

"Na picha zilizo kwenye mtandao? Jepchumba anasema ni za kila mtu."

"Kanga yangu ikiwa kwenye kamba huko nje, ni ya kila mpita njia? Aliyechora picha au kupiga picha ana hakimiliki, hata kama hakusajili popote. Unamwomba ruhusa kwanza."

"Ruhusa ya nini?" Sauti ilitoka mlangoni. Mzee Kihara alikuwa amesimama, amejishikilia kwenye kizingiti. Alikuwa amesikia. "Huyo ndege ni wangu! Nilimchora mimi. Kampuni haikuwa hata na kalamu!"

Hili ndilo Wangu aliloliogopa.

Kanchan alimvutia mzee kiti. Aliongea naye polepole, kwa heshima.

"Mzee Kihara, nani alikwambia uchore korongo?"

"Wao. Walikuja nyumbani wakasema wanataka ndege anayesimama vizuri."

"Wakakulipa?"

"Wakanilipa, na gunia la unga juu."

"Mliandika mahali kwamba picha itabaki yako?"

"Kuandika nini? Tulishikana mikono."

Kanchan alitikisa kichwa. "Basi sheria yetu ya Kenya inasema hivi: mtu akikuagiza kazi, na hamkuandikiana vinginevyo, hakimiliki inamwendea yeye aliyeagiza. Sifa ya kuchora ni yako mpaka kesho. Haki ya kumuuza ni yao."

Mzee aliitazama mikono yake.

"Nimemponza mtoto wangu," alinong'ona.

"Hapana, baba," Wangu alisema. "Hukujua. Nami sikuuliza."

"Anayeficha ugonjwa, kilio kitamuumbua," Kanchan alisema. "Mtoeni korongo kwenye mtandao leo. Zima jiko. Kesho tunaenda ofisini kwao, nami nitakuja. Usichome tena kitu. Ukichoma, watasema ulikuwa unaficha."

Njia yote ya kwenda ofisini, Wangu alikumbatia gunia la fulana. Wakili wa kampuni, mwanamke aitwaye Nabalayo, aliwakaribisha bila tabasamu. Wangu alifungua gunia. Fulana ya juu ilikuwa ya miwani.

"Kwa nini anavaa miwani?" Nabalayo aliuliza.

"Nilidhani... hatakuwa yeye."

"Nilimtambua kabla hujafungua gunia vizuri."

Wangu aliinamisha kichwa. Akaeleza kila kitu: ukuta wa Subukia, mkono wa baba, kibanda kilichoungua. Nabalayo aliandika. Kisha akauliza, "Mmeshamtoa mtandaoni?"

"Tumemtoa jana. Na wateja waliokuwa wamelipa tunawarudishia."

Nabalayo aliweka kalamu chini. "Wengi hukimbia. Wewe umekuja. Fulana zitabaki hapa. Utaweka sahihi kwamba hutachapa tena alama yetu. Hatutaenda kortini, wala hatutagusa meza yako."

Wangu alichukua kalamu, akaweka sahihi.

"Na kama ningekuja mwanzo kuomba?" aliuliza.

"Labda tungekataa. Labda tungekubali, tukaandikiana. Lakini usingelala na hofu."

Waliporudi, Mzee Kihara alikuwa ameketi mezani kwa Wangu na kipande cha makaa. Alikuwa anachora bila kuagizwa na mtu. Palikuwa na mama wa Subukia aliyebeba mkebe wa maziwa, na nyuma yake ng'ombe mkaidi asiyetaka kuvuka mto. Mistari ilitetemeka kama majani ya mahindi kwenye upepo. Wangu hakuwahi kuona picha yenye uhai kiasi hicho.

"Baba, niichape?"

"Ni yako, mwanangu."

"Basi tuandike kwamba umeniruhusu."

"Mtoto wangu mwenyewe aniandikishe karatasi?"

"Baba, ya korongo mlishikana mikono."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akaweka sahihi.

Fulana ya mama wa maziwa ilikwenda mbali kuliko korongo. Becky aliagiza za kwaya, halafu za waumini. Mteja akileta picha ya timu ya mpira au ya mwanamuziki, Wangu alimuuliza kwanza, "Picha hii ni ya nani?" Wengine waliudhika wakaenda kwa wachapaji wengine. Wangu aliwaacha waende. Usiku alilala.

Siku moja mlango uligongwa kwa nguvu. Mwanamume mwenye suti na mkoba aliingia, akachukua fulana ya mama wa maziwa, akaitazama kwa muda mrefu.

"Picha hii ni ya nani?" aliuliza.

Mkono wa Wangu ukalifuata gunia, kwa mazoea tu. Kisha ukatulia.

"Ni ya baba yangu. Ndiye yule pale. Na ruhusa yake ninayo, imeandikwa."

"Vizuri. Mimi ni Micah, nina hoteli Naivasha. Nataka picha hii ukutani kwangu. Nimeona nisiinakili tu, nije kuomba."

Mzee Kihara alijivuta mbele kwenye kiti chake. Alimnyooshea mgeni mkono unaotetemeka, wakasalimiana.

"Karibu, kijana. Mkono nimekupa," alisema. "Sasa Wangu, lete kalamu."