Sauti Sikioni mwa Mzee Lewis

Pindo la abaya ya Saleha lilinaswa na ngazi ya umeme kwenye stesheni ya metro ya Olaya, saa ya watu kutoka makazini. Kijana mwenye shati jeupe alibonyeza kitufe chekundu, ngazi ikasimama, na watu wakamlaani.

"Umeichelewesha Riyadh nzima," Saleha alimwambia kwa Kiarabu, akivuta nguo yake.

"Ningejua mwenyewe mkali hivi, ningeiacha iliwe," kijana alijisemea kwa Kiswahili cha Mombasa.

"Nimekusikia," Saleha akamjibu kwa Kiswahili cha Unguja, maana wazee wake walitoka huko, ingawa yeye alizaliwa Ghulail, Jeddah.

Kijana huyo aliitwa Murad, msaidizi wa Lewis Thornby, mwigizaji wa Kiingereza aliyeanza kwa kufagia ukumbi wa michezo London na sasa, baada ya miaka sitini jukwaani na kwenye filamu, alikuwa Riyadh kucheza filamu yake ya mwisho.

Walipeana namba, na kwa miezi miwili simu zao hazikupoa.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Usinifanye mtoto."

"Basi mwambie babako naja kuposa."

Saleha akamwambia baba yake, na baba akawatangazia jamaa. Alhamisi moja Saleha alipeleka sambusa kwenye kambi ya filamu. Nyuma ya pazia alimkuta Murad akinong'ona kwenye kipaza sauti kidogo, kwa Kiingereza laini: "Usiniache, Stacy. Miaka arobaini nimekupenda wewe tu."

"Stacy ni nani?"

Murad alibadilika rangi. "Ni kazi, Saleha. Siwezi kusema zaidi. Niliapa."

"Kazi ya kumbembeleza mwanamke? Halas, yamekwisha."

Alirudi Jeddah kwa baba yake, kiburi kikimtangulia. Binamu yake Muhsin, karani wa bandarini, alikuwa amemposa zamani, na baba aliyeaibika mbele ya jamaa aliuliza afanye nini. Saleha alisema fanyeni mtakavyo. Hapo alikosea, wala simtetei.

Siku ya nikahi, baada ya Alasiri, simu ikalia.

"Mzee Lewis alifariki jana," Murad alisema. "Sasa naweza kusema. Kumbukumbu zilimtoka, Saleha. Mimi nilikuwa namsomea maneno yake, yeye akiyasikia kwa kidude sikioni. Stacy ni mke wa kwenye filamu."

"Kwa nini hukunambia?"

"Wangemcheka dunia nzima. Nilimwapia kwa Mungu. Niko uwanja wa ndege hapa Jeddah. Sema neno moja, nakuja kwa babako."

Mlango ukagongwa. Nje alisimama baba na mashahidi wawili.

"Saleha, mwanangu, unaniidhinisha nikuoze kwa Muhsin?"

Huulizwa mara tatu, na kwa desturi yao mwari akinyamaza amekubali. Alimpenda Murad, na hakuwahi kulijua hilo kama alivyolijua dakika ile. Lakini ukumbini alikaa Muhsin, ambaye hakumkosea mtu, na baba yake hakuwa na uso wa kuaibika mara ya pili. Aliinamisha kichwa, simu ingali mkononi. Baba akauliza tena, kisha tena.

"Ameona haya, mwanetu," shangazi aliyekaa kando yake alisema. "Amekubali."

Vigelegele vikajaa chumbani, na Murad akavisikia vyote, kwa sababu simu ilikuwa haijakatwa.