Damu Aliyoificha Masoud

Masoud alikuwa fundi cherehani pale Mlingotini. Kanzu alizoshona zilivaliwa mpaka Bagamoyo mjini. Mkewe alikwishafariki, naye aliishi na dada yake mdogo, Nadhira, mkulima wa mwani.

Asubuhi moja Nadhira alirudi kutoka pwani, akamkuta kaka yake uani anafua shuka. Masoud hakuwahi kufua hata leso.

"Shikamoo, kaka. Lete nikufulie."

"Marahaba. Acha, namaliza."

Akamwaga maji haraka. Yalikuwa mekundu.

"Kaka, hiyo ni damu?"

"Bawasiri tu. Mtu mzima kama mimi hakosi haya. Na usimwambie mtu."

Nadhira akaichukua shuka kwenda kuianika. Angeanzaje kumhoji kaka mkubwa mambo ya choo? Akamchemshia mizizi aliyoletewa na jirani.

Miezi ikapita. Tumbo la Masoud likabadilika: leo anakosa choo, kesho linamwendesha. Akawa anachoka mapema. Suruali zikampwaya, akazipunguza kiuno mwenyewe. Watu walidhani anafunga sunna.

Ijumaa moja akaanguka msikitini. Hospitalini wakamkuta hana damu ya kutosha. Wakampima utumbo mpana kwa kamera, wakampiga na picha. Kisha daktari akamkalisha pamoja na Nadhira.

"Mzee, hii ni saratani ya utumbo mpana. Imeshafika kwenye ini."

"Basi nipasueni muitoe."

"Ingekuwa bado iko utumboni peke yake, tungeitoa. Sasa tutakupunguzia maumivu."

Masoud akachukua kofia yake, wakarudi nyumbani.

Akakonda akabaki mifupa. Siku moja Nadhira alipokuwa akimbadilishia shuka, Masoud alimshika mkono.

"Niliona haya kumvulia nguo daktari, Nadhira. Sasa dada yangu ananigeuza kama kichanga."

Hakuiona Ramadhani.

Baada ya arobaini, Nasrin, muuguzi wa zahanati, alikuja kumjulia hali Nadhira. Walipomaliza kunywa chai, akamwambia, "Dada, na wewe ukapimwe."

"Mimi? Siumwi, sina damu."

"Ndiyo maana nakwambia sasa. Mara nyingi saratani hii huanza kama kinyama kidogo ndani ya utumbo. Hakiumi. Kinaweza kukaa miaka kabla ya kugeuka saratani. Umri wako umekwenda, na kaka yako wa tumbo moja ameugua. Usingoje dalili."

"Na hiyo kamera inapitia wapi?"

"Huko huko unakoogopa. Utapewa dawa ya kusafisha tumbo, na nyingine ya kukutuliza."

Nadhira akavuta mtandio. "Mbona kaka alisema ni bawasiri?"

"Bawasiri hutoa damu, saratani nayo hutoa damu. Kwa macho tu huwezi kuzitofautisha, si wewe, si mimi. Ikiwa ni bawasiri, utatibiwa bawasiri. Lakini kwanza ijulikane."

Siku nyingi Nadhira alikwenda kwenye mwani wake, akarudi, asiseme ndiyo wala hapana. Ila kila alipofua shuka alimwona kaka yake. Mwisho akamfuata Nasrin zahanati, akaandikiwa kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam.

Kinyama kilikutwa. Kilitolewa palepale, kikapelekwa maabara. Aliporudi kuchukua majibu, daktari alikuwa anatabasamu.

"Hakijawa saratani, mama. Ila kingeachwa, kingeweza kuwa. Utarudi kuangaliwa tena kwa tarehe tutakayokupa."

"Na ya kaka yangu, ilianza hivi?"

Tabasamu la daktari likafifia. "Huenda, mama. Nyingi huanza hivi."

Nadhira akafunika uso, akalia. Alimshukuru Mungu, na bado alilia.

Kesho yake hakwenda kwenye mwani. Alikwenda Fukayosi kwa mdogo wao, Dadi, akamkuta anapalilia mihogo nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, dada. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna. Nimekuja kukuchukua ukapimwe utumbo."

Akamweleza yote, la damu, la kamera na la kinyama, bila kuzunguka. Dadi akaangalia chini kwa aibu.

"Lakini dada, mimi sina kitu."

"Na mimi nilikuwa sina kitu."

 Dadi akaegesha jembe, akaingia ndani kuvaa shati.