Makofi Kutoka Viti vya Juu

Marlene Sobczak alipomaliza, mazoezini, maneno yake marefu ya sehemu ya pili, mtu mmoja alimpigia makofi kutoka viti vya juu. Yalikuwa makofi machache ya taratibu, ya mtu asiye na haraka. Wenzake waligeuka wakacheka, maana viti vya juu vya jumba lile la michezo ya kuigiza pale Erie, mji wa Marekani ulio kando ya ziwa, vilifungwa tangu dari lilipoanguka, na mlango wa ngazi ulitiwa kufuli. Mwongozaji wao, kijana aitwaye Tobias Ekdahl, alisema ni theluji inaporomoka kwenye paa, mazoezi yakaendelea. Marlene alizaliwa kando ya ziwa lile na kuzeekea hapo hapo. Sauti ya theluji aliijua, na hii haikuwa yenyewe.

Tangu ujana wake alikuwa akiigiza pale bila malipo, jioni, akishatoka kwenye kazi yake ya kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno. Siku zote alipewa mjakazi, au jirani, au shangazi anayeingia na kahawa kisha hatajwi tena. Baridi ya mwaka huu ndiyo mara ya kwanza kupewa mchezo mzima aubebe: bibi kizee anayekataa kuhama nyumba yake. Hakuwa na wa kumpa habari hiyo. Mumewe, Gene, alikuwa kaburini. Binti yao aliishi Phoenix, mbali huko jangwani, akipiga simu Jumapili huku televisheni ikinguruma nyuma yake, na Marlene alipomwambia amepewa nafasi kubwa, binti alisema vizuri mama, halafu akauliza kama amebadilisha matairi ya theluji.

Siku chache baadaye alikuwa jikoni kwake akichemsha pirogi, vile vifuko vya unga vya Kipolandi vyenye viazi ndani, na kujisemea maneno ya mchezo. Alipofika mwisho alisikia makofi sebuleni. Alizima jiko, akaenda kutazama. Hapakuwa na mtu, ila kwenye kiti cha Gene palikuwa na harufu ya koti la sufu lililolowa, na chini yake harufu nyingine, ya tope la ziwani.

Alipaswa kukimbia. Badala yake alisimama pale, akatabasamu, akasema kwa sauti ndogo, "Umekuja hatimaye." Maana Gene hakuwahi kumwona jukwaani hata mara moja. Kila mchezo alikuwa na sababu: mgongo, mpira, barabara ina barafu.

Basi Marlene akaanza kumwigizia. Asubuhi kabla ya chai, mchana, machweo yanapoingia mapema na dirisha likiwa jeusi saa kumi na moja. Akisema vibaya, kimya. Akisema vizuri, makofi. Akawa mzuri ajabu, mpaka Tobias siku moja alisahau kumwelekeza, akabaki kumtazama. Lakini alikonda, simu ya Jumapili akawa haipokei, na nyumba, hata tanuri la kupasha vyumba joto likiwaka kutwa, haikupata joto.

Kuna mchana mmoja alikuwa anafuta picha ya harusi yao vumbi, na yule wa sebuleni akawa anapiga makofi polepole kama kumhimiza aanze. Marlene aliitazama picha kisha akaganda. Gene alipoteza mkono wa kushoto kiwandani, mwaka mmoja baada ya picha ile kupigwa. Maisha yao yote, akifurahishwa na kitu, alijipiga paja kwa mkono wa kulia. Na haya yaliyokuwa yakipigwa nyuma yake yalikuwa viganja viwili, vinene, vimelowa, vinavyonatana kidogo kila vinapoachana.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Aliyekuwa akicheza naye sana ni Walt Henniger, mfamasia mstaafu, mjane mwenzake, mtu wa mizaha. Katika mchezo Walt alikuwa jirani wa yule bibi. Aliona Marlene anavyopukutika, Jumamosi moja akagonga mlango ameshika keki ya tufaha.

"Nimekuja tufanye mazoezi," alisema. "Na ukinifukuza, keki inarudi na mimi."

Marlene alitaka kumfukuza. Lakini ilikuwa zamani tangu mtu ambaye si fundi wa tanuri aingie nyumba ile, akampisha. Walikaa sebuleni, Walt kwenye kochi, na Marlene akahakikisha hakuna anayekikaribia kile kiti. Wakaendelea mpaka pale ambapo jirani anamwambia bibi kwamba amempenda miaka yote kupitia dirishani. Walt alilisema lile neno bila mzaha wowote, akimtazama usoni, na Marlene akasahau jibu lake, akasahau kiti, akasahau kusikiliza kama kuna anayepiga makofi, akamtazama Walt tu, na hapo ndipo sebule ilipopoa kama mlango umefunguliwa, harufu ya sufu iliyolowa ikanyanyuka kutoka kwenye kiti na kupita mbele ya uso wake ikielekea kwenye kochi, zulia likabonyea hapa, kisha pale, kisha nyuma ya Walt, na kabla hajapata sauti ya kumwambia ainuke likapigwa kofi moja tu, kubwa, la viganja viwili, na kichwa cha Walt kilikuwa katikati.

Walt hakupiga kelele. Alishika masikio, na damu ikapenya vidoleni. Hospitalini walisema ni mishipa ya ndani imepasuka, pengine presha, na kwamba hatasikia tena.

Marlene alikwenda kwa Ardith Clancy. Ardith alikuwa na miaka tisini na kitu, akiishi kwenye nyumba ya wazee karibu na bandari. Zamani ndiye aliyekuwa akibeba michezo kule jumbani, halafu ghafla akaacha kuigiza, akawa anashona mavazi tu. Alimsikiliza Marlene akiwa amefumba macho.

"Limekufuata nyumbani, siyo?" aliuliza.

"Nilidhani ni Gene."

"Kila mtu hudhani ni mtu wake. Mimi nilidhani ni mama." Ardith alilivuta blanketi magotini. Akasimulia kwamba jini lile lilikuwepo kabla jumba halijapakwa rangi ya kwanza, na huwa linamchagua asiye na mtu. Mwaka ule jini lilipomtupa dada yake ngazini walimleta padri. Padri alinyunyiza maji, akasali sala zote, na alipomaliza, jini likampigia makofi.

"Halili maneno yako, mwanangu. Linakula kule kusubiri kwako makofi. Ukimaliza ukatulia kidogo, hata pumzi moja, umelilisha. Nenda ukaliigizie mchezo wote, kisha uondoke. Usiiname kushukuru. Usigeuke."

"Na wewe lilikuacha?"

Ardith alifumbua macho. "Mimi niliacha jukwaa," alisema. "Kama liliniacha, sijui."

Marlene aliomba ufunguo kwa Tobias, akaenda asubuhi peke yake. Aliuigiza mchezo mwanzo hadi mwisho mbele ya viti vitupu, na neno la mwisho lilipotoka akachukua koti lake akaanza kutembea. Makofi yakaja kwa upole. Yakaja kwa nguvu. Yakashuka ngazi, yakapita katikati ya safu za viti, yakamfuata mpaka karibu na mlango, hayakuwa tena ya kusifu bali ya kubembeleza, kama mtoto aliyefungiwa nje anavyopiga mlango, na Marlene, aliyekuwa akilia kwa sababu alijua hakuna tena duniani atakayemhitaji namna ile, akasukuma mlango akatoka kwenye theluji bila kugeuka.

Nyumba ikapata joto. Ikanyamaza pia. Alikula akiwa amesimama, akalala mapema.

Mchezo ulionyeshwa wiki mbili, Tobias akishika nafasi ya Walt. Kila ulipokwisha, wengine waliinama na Marlene akatoka moja kwa moja. Watu walimwona ana majivuno.

Siku ya mwisho, Jumapili mchana, ukumbi ulijaa. Makofi yalivuma, yakapungua, yakaisha. Marlene alikuwa ameshafika ukingo wa pazia aliposikia mtu mmoja bado anapiga, taratibu, peke yake. Akasimama. Akajiambia asigeuke. Halafu akasikia Tobias akinong'ona, "Bi Marlene, ni Walt."

Akageuka. Walt alikuwa safu ya mbele, bandeji masikioni, akipiga makofi nje ya mdundo kwa sababu hakusikia kwamba wenzake wamemaliza. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Marlene alirudi katikati ya jukwaa, na kwa mara ya kwanza katika mchezo ule akainama, chini kabisa, kwa ajili ya mtu mmoja.

Kwa chini akaona mikono ya Walt ikishuka na kutulia mapajani.

Makofi hayakukoma.

Ukumbi ukaanza kugeuza vichwa. Marlene akabaki ameinama, kwa sababu alijua akiinua uso atatazama juu, kwenye vile viti vilivyofungwa, na alijua pia kwamba anataka kutazama.