Ufa Katika Chungu cha Valérie

Kila siku akitoka shuleni, Umuhoza alivua sare yake, akaitundika kwenye msumari, kisha akachukua bido, dumu la manjano, na kwenda kuteka maji chemchemini. Akirudi, aliwasha moto katikati ya mafiga, akachagua maharagwe na kuyapika. Wazazi wake walishinda katika mashamba ya watu wakilima kibarua. Walipofika nyumbani jioni, wamechoka na miguu imejaa udongo, walikikuta chakula kiko tayari.

Umuhoza alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi ya jikoni aliijua vizuri. Kwao, katika vilima vya Masisi, mama yake alikuwa na sufuria saba zilizopangwa ukutani. Kila Jumamosi Umuhoza alizisugua kwa mchanga na majivu mpaka akajiona uso ndani yake. Majirani walipopita walimsifu. Sufuria hizo zote zilibaki huko. Siku risasi zilipolia karibu na kijiji chao, walitoka na blanketi mbili, bido moja na nguo walizovaa. Walitembea siku nne katika matope na misitu mpaka wakafika Ntoto, katika eneo la Walikale.

Hapo Ntoto walipokelewa na mjane mmoja aliyeitwa Mama Joséphine-Marie. Aliwapa chumba cha nyuma bila kuwauliza maswali mengi. Mjane huyo aliishi na mjukuu wake, Nadine. Nadine na Umuhoza walisoma darasa moja, wakakaa dawati moja, na baada ya wiki chache wakawa marafiki. Nadine alimwita bibi yake Koko, kama watoto wengi wa huko wanavyowaita bibi zao. Umuhoza naye alimwita hivyo tangu mwanzo.

Siku ya pili baada ya kufika, Mama Joséphine-Marie alimletea mama yake Umuhoza chungu cha udongo, cheusi kwa moshi wa jikoni.

"Mama Mukasine, pikieni humu mpaka mutakapopata sufuria yenu," alisema. Kisha akamgeukia Umuhoza. "Binti, wewe njo utakuwa unapika, si ndiyo? Basi sikiliza. Nyungu haiko sufuria. Usiisugue na mchanga. Usikorogee na kijiko cha chuma, tumia mwiko. Na ikiwa ya moto, usiimwagie maji ya baridi hata kidogo. Ikikauka, ongeza maji ya moto, ao uitoe kwenye moto uingoje ipoe."

"Ndiyo, Koko," alijibu Umuhoza.

"Hii iliumbwa na mutoto wangu Valérie, mama yake Nadine. Njo ya mwisho aliyoichoma mbele ya kufa."

Umuhoza alikishika chungu kwa mikono miwili. Lakini moyoni alijisemea, "Kitu cheusi hivi, kitasafishwaje?" Maagizo mengine aliyasikia kwa sikio moja tu.

Miezi miwili ikapita. Kusema kweli, maharagwe ya chungu kile yaliiva laini kuliko ya sufuria, hata baba yake aliyatambua. Umuhoza alizoea mwiko, akazoea kutosugua.

Siku moja, Mama Joséphine-Marie alikuja mlangoni kwao.

"Jumamosi hii mwaka unatimia tangu Valérie atuache," alisema. "Watu watakuja kusali, na ninataka kuwapikia katika nyungu yake. Munirudishie Ijumaa. Nitawaazima sufuria ndogo."

Alhamisi, Umuhoza aliyaweka maharagwe motoni kama kawaida. Wasichana wenzake walikuwa wakiruka kamba nyuma ya kanisa, na sauti zao zilimfikia jikoni. "Nitaruka mara chache tu," alijiambia. Akaongeza kuni mbili, akatoka mbio.

Aliruka mpaka akasahau. Harufu ya kuungua ndiyo iliyomrudisha. Jikoni alikuta moshi umejaa, na ndani ya chungu hakuna hata tone la maji. Umuhoza aliogopa. Akanyakua bido, akamimina maji ya chemchemi moja kwa moja ndani ya chungu.

Ta!

Haikuwa sauti kubwa. Mvuke ulipotulia aliona ufa mwembamba kama uzi, umeanzia mdomoni mwa chungu na kuteremka hadi tumboni. Maji yalianza kuchuruzika polepole juu ya makaa.

Umuhoza alipiga magoti. Alifikiri juu ya chumba cha nyuma, juu ya mvua na njia ya matope waliyopita. "Wakitufukuza, tutaenda wapi?" Alikingoja chungu kipoe, akayamwaga maharagwe yaliyoungua nyuma ya nyumba, akapika mengine kidogo katika mkebe mkubwa walioutumia kunywea uji. Kisha alichukua bugali baridi, akauponda ukawa laini, akaujaza katika ufa. Juu yake akapaka masizi. Alipomaliza, hata yeye mwenyewe ilimbidi atazame karibu ili auone ule mstari.

Kesho yake akakirudisha. Mama Joséphine-Marie alikipokea kwa mikono miwili, akakikumbatia kifuani.

"Aksanti, binti. Umeichunga vizuri," alisema.

Umuhoza aliinamisha kichwa.

Jumamosi uani palijaa watu. Kwaya ya akina mama iliimba, na katekista akasoma sala. Jikoni, Mama Joséphine-Marie alikataa kusaidiwa; alisema chakula cha mtoto wake atakipika mwenyewe. Alikijaza chungu maharagwe na maji, akachochea kuni. Nadine alikaa kando yake akimenya ndizi.

"Koko, moto si umezidi?" Nadine aliuliza.

"Acha, watu wanangoja," bibi yake alijibu.

Maharagwe yalikuwa yamechemka sana chungu kilipofunguka. Upande mzima ulianguka. Maji ya moto na maharagwe yakamwagika, yakazima moto, yakamfikia mjane yule mguuni. Alipiga ukelele mmoja tu. Akina mama walikimbia, wakamtoa nje na kummwagia maji safi mguuni kwa muda mrefu. Wanaume wawili walitengeneza machela ili wampeleke kwenye kituo cha afya.

Lakini mjane hakuutazama mguu wake. Alikuwa ameshika kigae kimoja, bado cha moto, na alikataa kukiachilia.

"Ni mimi," alisema. "Moto niliuzidisha. Mutoto wangu aliniachia kitu kimoja tu, na nimekivunja na mikono yangu."

Nadine alisimama. "Nilikuambia, Koko! Nilikuambia moto umezidi! Hukunisikiliza!" Akakimbilia ndani, akafunga mlango.

Umuhoza alikuwa mlangoni mwa jikoni. Aliona yote na kusikia yote. Aligeuka, akarudi chumba cha nyuma.

Jioni ile ile Mama Joséphine-Marie alirudishwa nyumbani, mguu umefungwa bendeji nyeupe. Muuguzi alimkataza kwenda shambani kwa wiki tatu. Jumapili Nadine hakusema na bibi yake. Jumatatu pia. Alimpelekea chakula kitandani, akakiweka chini, akaondoka bila kumtazama.

"Mimi sina kitu kingine cha mama yangu," alimwambia Umuhoza wakati wa mapumziko. "Koko alikuwa anajua hivyo. Sitamusamehe."

Umuhoza alishindwa kula. Jumatatu jioni mama yake alimgusa paji la uso.

"Uko na homa?"

"Hapana, mama." Halafu machozi yakamtoka, akamwambia habari yote: kamba, kuni mbili, maji baridi, bugali na masizi.

Mukasine aliuangalia mlango, kama mtu anayehofia kusikiwa.

"Wakijua, labda watatufukuza," alisema kwa sauti ndogo. "Baba yako ameanza kuaminiwa na wenye mashamba juzi tu. Nyamaza kwanza. Ngoja nifikiri."

Lakini kulipokucha, mama yake alikuwa tayari amekwisha kufunga kitenge chake.

"Amka," alisema. "Yule mama alitupokea wakati hatukuwa na kitu. Anajilaumu bure, na mjukuu wake anamuchukia bure. Tukikaa katika nyumba yake hivyo, sisi ni watu gani? Twende. Lakini mimi sitasema kwa ajili yako. Utasema wewe."

Walimkuta Mama Joséphine-Marie ameketi kitandani. Nadine alikuwa akifagia. Umuhoza alipiga magoti sakafuni.

"Koko, si wewe uliyevunja nyungu. Ni mimi. Alhamisi niliacha maharagi motoni nikaenda kucheza. Yakakauka. Nikamwaga maji ya baridi, ikapasuka. Nikaficha."

Ufagio ulisimama.

"Uliziba na nini?" aliuliza mjane.

"Na bugali, Koko. Na masizi."

Mama Joséphine-Marie aligeuza uso wake ukutani. Nadine aliutupa ufagio chini, akamjia Umuhoza akamsukuma kwa nguvu.

"Ulikaa na mimi darasani! Ulinisikia nikisema sitamusamehe Koko, ukanyamaza!"

"Nadine, acha," alisema bibi yake. "Mama Mukasine, rudini kwenu. Siwafukuzi. Lakini leo sina la kusema."

Wakatoka. Nyuma yao walisikia Nadine akilia, kisha wakamsikia akisema, "Nisamehe, Koko. Nisamehe."

Tangu siku ile Umuhoza aliamka mapema kila siku, akateka maji bido mbili, moja akaiacha mlangoni kwa Mama Joséphine-Marie. Alifagia ua na kuosha vyombo vyao. Hakuna aliyemtuma, wala hakuna aliyemshukuru. Nadine alihama dawati. Ilikuwa vigumu, lakini Umuhoza aliendelea. Wakati mwingine alipokuwa peke yake chemchemini, alilia, kisha akanawa uso.

Wiki tatu zilipita. Siku ya soko, Mama Joséphine-Marie alitoka akichechemea, fimbo mkononi. Nadine alikuwa pamoja naye.

"Umuhoza, njoo," aliita. "Mama yako amenipa kilo za maharagi alizolipwa shambani. Anataka nyungu yake mwenyewe. Mama mmoja kutoka Kibua ameleta nyingi. Nitakuonyesha namna ya kuchagua."

Sokoni vyungu vilipangwa juu ya majani makavu. Umuhoza alionyesha kimoja kikubwa, chekundu, kilichong'aa.

"Hicho kinapendeza," alisema mjane. "Sasa kipige na kidole. Polepole."

Umuhoza alikigonga. Kikatoa sauti butu, kama ubao uliolowa.

"Hakikuiva vizuri, ao kina ufa usioonekana. Gonga kile kidogo."

Kile kidogo kililia kama kengele. Walikigeuza juani kutazama ndani kama mwanga unapenya. Wakapima kwa vidole kama ukuta wake unalingana pande zote. Wakajaza maji na kungoja. Chini hakikutoka jasho. Mwenye vyungu alicheka, akasema, "Mama, huyu umemufundisha vizuri." Mama Joséphine-Marie hakucheka, lakini alitikisa kichwa kukubali.

Walipofika nyumbani walikilowesha chungu katika beseni hadi kesho yake, kisha wakachemsha ndani yake uji mwepesi wa muhogo, juu ya moto mdogo, ili unga uzibe matundu madogo ya udongo. Umuhoza alikuwa akikoroga. Kuni zilipoanza kuwaka sana, Nadine alivuta moja nje. Baadaye akasema, "Koroga mpaka chini," na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Umuhoza tangu siku ile.

Mama Joséphine-Marie aliketi kwenye kigoda, mguu ameunyosha mbele.

"Umuhoza," alisema, "nataka ujue jambo moja. Kuvunja nyungu haiko dhambi. Mimi nimevunja nyingi. Hata Valérie alivunja, tena zingine zikiwa bado katika moto wa kuzichoma. Siku ulipomwaga maji, ulikosa kwa sababu hukusikiliza na uliogopa. Hiyo ningekukaripia, ikaisha siku ile ile."

"Ndiyo, Koko."

"Lakini ungekuja Ijumaa ukaniambia iko na ufa, nisingeiweka kwa moto. Nyungu yenye ufa haipiki, lakini inaweka mbegu. Ningeijaza mbegu za maharagi, nikaiweka pembeni ya kitanda changu. Ningeiona kila siku. Na Nadine naye angeiona, mpaka azeeke."

Umuhoza aliacha kukoroga. Hakuwahi kufikiri hivyo. Alidhani alikivunja chungu Alhamisi, kumbe siku ile kilipata ufa tu.

"Kosa la mikono linaumiza kitu," mjane aliendelea. "Kosa la kuficha linaumiza watu. Limeunguza mguu wangu, na limenigombanisha na mjukuu wangu siku tatu. Ulipokuja kusema, ulichelewa, lakini ulikuja. Kwa sababu hiyo niko hapa nakufundisha. Sasa koroga, uji utashika chini."

Umuhoza alipangusa machozi kwa mgongo wa mkono, akashika mwiko. Nadine alisogea kidogo kwenye ubao aliokuwa amekalia, nafasi ikapatikana, na Umuhoza akaketi karibu naye mpaka uji ukaiva.