Chiriku Hapendi Kushtukizwa

Wiki nzima Mama Chiriku alimwonyesha mwanawe picha zile zile: geti la jengo, lifti, mlango wa daktari wa meno. Mtoto ana usonji, na jambo asilolizoea humtia hofu kubwa. Sasa wamefika, watu tele ukumbini, na lifti imezungushiwa kamba! Mbele yake amechuchumaa fundi, ovaroli imejaa grisi hadi viwikoni.

"Pandeni ngazi tu, dada. Si mbali."

"Si mbali kwako!" Mama Chiriku alifoka. Binti keshajitupa sakafuni, mikono masikioni, analilia lifti, na watu wamekodoa macho. "Nimehangaika wiki nzima na picha ya lifti, leo unaniletea habari za ngazi?"

Fundi alimtazama mama, gauni lake la kijani limelowa jasho mgongoni, akamtazama mtoto. Akarudi kwenye nyaya zake. Lifti ilipopona, akawapandisha wao kwanza.

"Nipe namba yako," alisema mlangoni. "Ikiharibika tena nikuambie mapema."

"Ndivyo mnavyotongoza siku hizi?" Lakini namba akaitoa.

Ikawa simu asubuhi, simu jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nakula wima. Chiriku kazikataa soksi."

"Soksi zina kosa gani?"

"Waulize wenyewe, soksi na Chiriku."

Jina hilo la ndege mpiga kelele alipewa na bibi yake kwa utani, maana maneno yake ya kutwa nzima yangetosha kiganjani. Fundi alilipenda. Mama naye akampenda fundi, na alipomwalika nyumbani mara ya kwanza, alibandika picha yake kwenye kalenda ya ukutani, chini ya Jumamosi. Chiriku akaizoea.

Jumamosi mlango ulifunguliwa. Fundi kapendeza, shati jeupe limenyooka kwa pasi. Nyuma yake, lo! Mama yake mzazi, kilemba cha dhahabu, manukato yametangulia kuingia, mikono imeshanyooshwa.

"Yuko wapi mjukuu wangu?"

"Nilitaka kukufurahisha," fundi alinong'ona.

Chiriku aliingia chini ya meza akaanza kugonga kichwa ukutani. Mama Chiriku akapiga magoti, akaweka kiganja katikati ya kichwa na ukuta.

"Mtoto kadekezwa huyu," mgeni alisema. "Kwangu angekuwa ameshanyooka."

Na fundi je? Fundi alitazama viatu vyake. Hilo ndilo lililomchoma Mama Chiriku.

"Tokeni."

"Mpenzi, ni mama tu..."

"Picha ilikuwa ya mtu mmoja! Na mwanangu anatukanwa, wewe umefyata ulimi. Tokeni nje!"

Simu zikaanza kulia bila kupokelewa. Mama Chiriku alimpenda bado, na alijichukia kwa hilo. Mwishowe akapokea, kwa hasira.

"Nimechoka! Kila siku namtengenezea huyu mtoto njia, kila siku mtu mzima anakuja kuifukua. Nawe ulikuwa unajua!"

"Nilijua. Nipangie siku nije. Ukisema nisije, siji."

Alipanga, akabandika picha mpya ya fundi na kiti cha sebuleni. Fundi akaja peke yake, akakaa kwenye kiti kile kile cha pichani, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na picha za mama yake: amesimama nje ya mlango, amekaa, mikono imetulia mapajani.

"Alikubali huyu?"

"Kwa mbinde. Aliuliza tangu lini bibi anaomba ruhusa. Nikamwambia bila hivyo hatamwona, na maneno ya siku ile asiyarudie. Mpaka leo kaninunia."

"Siku ile ndiyo ungesema."

"Siku ile niliogopa. Nisamehe."

Akatoa picha moja zaidi, kutoka mfukoni. Kikombe, na ndani yake miswaki mitatu.

"Hii Chiriku hajaiona. Ukikataa, haioni kamwe. Sikutaka nikushtukize na wewe."

"Ndivyo unavyoposa?" Mama Chiriku aliuliza. "Kwa miswaki?"

"Pete ipo kwenye gari. Niilete?"

"Hebu tulia!"

Aliishika picha, akaitazama. Kwa Chiriku, picha ikishaonyeshwa ni ahadi. Hakuna kusema tutaona. Mwanamume huyu amemwangusha mara moja. Je, akimwangusha tena, nani atalala chini ya meza na mtoto? Alimkasirikia kwa kumpa uamuzi mzito hivi. Alimtazama: ametulia, hamharakishi, jasho linamtoka.

"Chiriku," aliita. "Njoo mama, nikuonyeshe."

Mtoto alikuja, akaiinamia picha. Kidole kikagusa mswaki wa katikati.

"Wa bluu wangu."

"Wako," fundi alisema haraka. "Mimi nitanunua mwekundu."

"Lini?"

Fundi alimgeukia mama mtu.

"Baada ya harusi," Mama Chiriku alimjibu mwanawe, machozi yakimtiririka. "Kesho tutaanza picha za harusi."